Mtungi Analia

Walimwita Povu, na mtu asiyemjua angedhani ni kwa sababu ya mdomo mchafu. Wala. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mpole wa sauti, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji ya sabuni. Kazi yake katika duka la gesi ilikuwa kupaka povu mdomo wa kila mtungi kabla haujatoka mlangoni. Povu likitulia, mtungi ni mzima. Likianza kutoa viputo, mtungi unavuja, unarudishwa nyuma. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na saba, na hakuna mtungi hata mmoja uliotoka pale bila kupita kwenye brashi yake.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu: mitungi mitupu kushoto, iliyojaa kulia nyuma ya wavu, mizani ya chuma karibu na mlango, na kaunta ya mbao iliyong'aa kwa viwiko vya wateja. Baba yao aliliacha kwa mdogo wake Povu, mtoto pekee wa kiume. Mama alisema ndivyo inavyokuwa, na Povu akakubali kwamba ndivyo inavyokuwa. Wateja walimwita huyo mdogo wake Bosi, na baada ya muda hata Povu akazoea kumwita hivyo wakiwa dukani.

Kabla ya kurithi duka, Bosi aliwahi kwenda nje kutafuta maisha. Alikaa miaka mitatu akibeba makontena ya plastiki katika ghala la nchi ya watu. Alikwenda na begi moja akarudi na begi lilelile. Hakupenda kuisimulia safari ile, isipokuwa jambo moja alilokuwa akilirudia kila akikasirika.

"Msimamizi alikuwa anashika chupa ya maji juu hivi," alisema, akiinua mkono. "Mpaka ulitaje neno lao sawasawa. Ukikosea wenzako wanaangua kicheko, na wewe unarudi kubeba na kiu yako. Nani alinibembeleza mimi kwa lugha yangu? Nani?"

Walipomuuliza kama bado anaijua lugha ile, alisema aliitema yote siku aliyopanda ndege ya kurudi. Nyumbani walimwamini.

Kisha kiwanda cha vigae kikafunguliwa nyuma ya mtaa, na pamoja nacho zikaja familia karibu mia mbili kutoka nchi ileile. Walikuwa watu wa kazi, wakimya, wanaotembea wawili wawili. Nao walipika, kwa hiyo walihitaji gesi. Walikuja dukani na vidole: wananyoosha, wanaonyesha, wanachora duara hewani. Wengine walikuja na simu inayotafsiri, nayo ilitafsiri vituko. Siku moja simu ilimwambia Povu, mbele ya watu, kwamba mteja anaomba kuolewa na mtungi mdogo. Mtaa mzima ulicheka kwa wiki nzima.

Lakini si kila siku ilikuwa ya kucheka. Kuna mwanamume alionyesha mtungi mkubwa, akapewa mkubwa, akaondoka nao, kisha akarudi akifoka kwamba alitaka mdogo. Hakuna aliyemwelewa. Aliutupa juu ya mizani, na mizani ikapinda. Asubuhi iliyofuata Bosi alikuja na kibao cha bati, akakipigilia misumari juu ya kaunta mwenyewe. Kiliandikwa kwa rangi nyekundu: HAPA TUNAONGEA LUGHA YA HAPA. HUJUI, JIFUNZE KWANZA.

"Unaonaje, dada?" aliuliza akiwa bado juu ya kiti.

"Umekipinda upande wa kulia," Povu alisema.

"Maneno yenyewe je?"

Ukweli usemwe: Povu alifurahi. Alikuwa amechoka kueleza kwa mikono jinsi ya kufunga kichwa cha gesi, kile kinachounganisha mpira wa jiko na mtungi, amechoka kurudia neno moja mara kumi kana kwamba anazungumza na kiziwi. "Maneno yako sawa," alijibu. "Sisi tukienda kwao tutajifunza. Na wao wajifunze."

Mama, aliyekuwa akipita dukani kila adhuhuri kuwaletea chakula, alikisoma kibao kile polepole akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. "Mtu akija kwako abishe hodi kwa lugha yako," alisema. "Hilo ni la adabu tu."

Wateja wengine wakakimbilia duka lililo mbali, kule kwenye mzunguko wa barabara. Waliobaki wakajifunza. Baada ya mwezi ungewasikia: "Habari ya asubuhi. Mtungi mkubwa, tafadhali." Bosi alijivuna kama mwalimu mkuu. Alikuwa na mtindo wake: anaweka mtungi juu ya kaunta, anauegemea kwa mkono, na hauachilii mpaka mteja aseme sawasawa. Mtu akisema "motungi" anarudishwa. "Mtungi," Bosi anasema. "M-tungi." Foleni inacheka, mteja anafuta jasho, anajaribu tena.

Miongoni mwa wageni wale alikuwapo mwanamke mmoja fundi cherehani. Mumewe alikuwa kiwandani, kwenye tanuri, na yeye alishona katika chumba chao cha chini, katika nyumba yenye korido ndefu hatua mia mbili kutoka dukani. Povu alimfahamu kwa sababu ya sketi. Zipu ya sketi yake ya kutokea ilikuwa imeharibika, na mafundi wawili walikuwa wameshindwa nayo.

Povu alipofika, fundi alipiga magoti mbele yake na pini mdomoni, akamzungusha kwa ncha ya kidole, akampapasa mshono, akaguna. Chumba kilikuwa kidogo lakini kimepangwa: cherehani dirishani, jiko la gesi kwenye pembe, pasi ya umeme imesimama juu ya ubao, vipande vya vitambaa vimekunjwa kwa rangi. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Povu alishangaa jinsi kazi ilivyokwenda bila shida. Fundi alichora kwa chaki, akainua nyusi kuuliza, Povu akaitikia kwa kichwa, basi.

Sketi ilipokuwa tayari, fundi alitoa daftari la shule kutoka chini ya vitambaa. Lilijaa maneno. Alionyesha mkasi, akamkodolea Povu macho.

"Mkasi," Povu alisema.

Fundi akaandika kwa herufi zake. Wakaendelea: uzi, sindano, kitufe, dirisha. Katikati ya somo lile mtoto wa jirani akaangua kilio kwenye korido. Fundi akaelekeza kidole sikioni, kisha mlangoni, akiuliza.

"Mtoto analia," Povu alisema.

"Analia," fundi alirudia, akaliandika neno hilo na kulipigia mstari. Wote wawili wakacheka bila sababu. Povu aliondoka akiwa amevaa sketi iliyomkaa kuliko siku aliyoinunua, na kwa majuma kadhaa alimsifia yule fundi kwa kila aliyemuuliza.

Jumatatu moja fundi alinunua mtungi. Alisema maneno yote vizuri, na hata Bosi alimpigia makofi mawili. Povu aliupaka povu mtungi ule, ukatulia. Ulikuwa mzima. Mkaguzi alikuja kuthibitisha baadaye kwamba ulitoka dukani ukiwa mzima. Lakini ndani ya mdomo wa mtungi kuna kipini kidogo kinachobonyea unapofunga kichwa cha gesi na kuruka juu unapokitoa. Mara chache, mara moja katika mitungi maelfu, kipini hicho hukwama kikiwa kimebonyea. Hapo hata ukikitoa kichwa, gesi inaendelea kutoka kwa sauti nyembamba. Si kosa la mtu. Dawa yake inajulikana kwa kila muuza gesi: utoe mtungi nje, usiwashe kitu chochote, tunakuja.

Jumanne saa tatu asubuhi fundi alifika dukani akiwa na kandambili za ndani na utepe wa kupimia shingoni. Foleni ilikuwa ya watu saba au wanane. Aliwapita wote, akashika ukingo wa kaunta, akamwaga maneno kwa lugha yake, haraka haraka, macho yake kwa Bosi.

Bosi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua kidole akaonyesha kibao.

"Na foleni je?" mtu aliuliza nyuma.

Fundi alikitazama kibao. Alifumba macho, midomo ikitembea bila sauti, kama mtoto anayetafuta jibu la hesabu. Kisha akayafumbua.

"Mtungi," alisema. "Mtungi... analia."

Halafu mtu mmoja akacheka puani, na foleni nzima ikalipuka.

"Analia?" mwanamume mwenye mtungi begani alisema. "Labda ana njaa huyo!"

"Mnyonyeshe, mama!"

Fundi aligeuka, akamtafuta Povu. Povu alikuwa pembeni na brashi yake na ndoo yake, na yeye pia alikuwa anacheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka na kwa sababu ilichekesha. Alipoona uso ule umemwelekea, alisema neno ambalo hatalisahau.

"Mbembeleze basi, fundi. Atanyamaza."

Kicheko kikaongezeka. Fundi hakuelewa mzaha huo; alidaka neno la mwisho tu, na aliona kwamba rafiki yake amemjibu, tena kwa uso mkunjufu. Akatabasamu naye. Alisema "asante", akainamisha kichwa, akaondoka mbio, kandambili zikimpiga visigino.

Bosi aligusa kaunta kwa kiganja. "Haya, nani anafuata?"

Saa nne na nusu walisikia kishindo. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mlango mzito uliosukumwa na upepo. Povu aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo, akamwona mdogo wake amesimama wima, uso umemsawajika, kabla hata ya mtu yeyote kupiga kelele nje. Alikumbuka baadaye kwamba Bosi hakuuliza ni nini.

Fundi alikuwa amerudi chumbani kwake akafungua dirisha na mlango. Kwa jinsi alivyoelewa, alikuwa ameambiwa angoje, mtungi utanyamaza wenyewe. Alingoja zaidi ya saa nzima, amekaa kwenye korido. Sauti ilipopungua aliingia, akachomeka pasi. Alikuwa na gauni la mteja la kumaliza kabla ya adhuhuri.

Alipona. Watu walisema hivyo kwa wepesi: alipona, Mungu mkubwa. Aliungua uso upande mmoja na mikono yote miwili mpaka viwiko.

Jioni ile, kabla jua halijazama, duka likiwa limefungwa, watu watatu walikaa kwenye meza ya jikoni nyumbani kwa mama. Hakuna aliyegusa chakula.

"Alisema kitu," Povu alianza. "Asubuhi. Alisema mtungi unalia. Alikuwa anasikia ile sauti. Mimi miaka yote hii naijua ile sauti, na mimi—"

"Basi, dada," Bosi alisema.

"Mimi ndiye niliyemfundisha neno lile! Na nikamcheka."

"Nimesema basi. Nilielewa."

Povu alimtazama. "Ulielewa nini?"

Bosi alikuwa akizungusha kijiko mezani. "Aliyosema mwanzo. Kwa lugha yao. Alisema kichwa kimetoka na gesi bado inatoka, afanye nini." Aliweka kijiko chini. "Nilielewa kila neno."

"Ulisema umeisahau."

"Lugha haisahauliki, dada. Ningependa." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilitaka tu alitafute neno. Ningemtuma mtu jioni akaangalie. Nilisema moyoni, jioni. Wateja wakawa wengi. Sikujua atachomeka pasi."

Kisha mama akaanza kukusanya sahani, moja juu ya nyingine, zikiwa bado zimejaa.

"Yaliyosemwa humu yaishie humu," alisema. "Kile kitendo hakiwezi kurudi nyuma. Duka ndilo linalotulisha. Mmenisikia nyote wawili?"

Mkaguzi kutoka ofisi ya leseni alikuja Alhamisi na mkoba wa ngozi na fomu. Aliandika taratibu, bila hasira. Aliuliza kama mteja alikuja kutoa taarifa.

"Alikuja," Bosi alisema. "Hakusema kitu cha kueleweka."

"Na wewe, mama?" mkaguzi alimgeukia Povu. "Ulikuwapo?"

Povu alimwona mama yake mlangoni, na chakula cha mchana mkononi. "Nilikuwapo," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa." Akatia saini mahali alipoonyeshwa.

Ulipita mwezi na siku kadhaa ndipo alipopata ujasiri wa kwenda hospitali. Alibeba machungwa. Wodi ya walioungua ilikuwa mwisho wa korido, na ilinukia dawa na kitu kingine alichojizuia kukifikiri. Mume wa fundi alikuwa amekaa kitandani akimlisha mkewe supu kwa kijiko. Alimwona Povu, akasimama, akaenda kusimama dirishani akawapa mgongo.

Mikono ya fundi ilikuwa imefungwa bendeji nyeupe nene, imelazwa juu ya mito miwili kama vitu vya mtu mwingine. Lakini jicho lake moja lilimtambua Povu mara moja, na akaongea kabla Povu hajafungua mdomo. Aliongea vizuri. Mwezi mzima alikuwa na wauguzi tu wa kuzungumza nao.

"Dada. Karibu. Samahani."

"Samahani ya nini, fundi?"

"Mimi nilisema vibaya. Muuguzi amenifundisha. Kuvuja." Alilitamka kwa uangalifu. "Mtungi unavuja. Nilisema analia. Watu hawakuelewa."

Povu aliketi kwenye stuli. "Ulisema sawa," alisema. "Nakuapia. Neno lilikuwa sawa, tulipaswa kuelewa."

Fundi alimtazama kwa huruma, kama anayetazama mtu anayemdanganya kwa wema. "Kama sawa, kwa nini walicheka?"

Dirishani, mume wa fundi hakugeuka. Povu alikaa dakika chache zaidi, akiangalia vidole vilivyofichwa ndani ya bendeji. Muuguzi alikuwa ameshamwambia kwenye korido kwamba vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana. Alipoaga alisahau kuyaacha machungwa.

Alikwenda nayo moja kwa moja hadi ofisi ya leseni. Mkaguzi alikuwa anafunga droo zake.

"Nimekuja kubadilisha maelezo yangu," Povu alisema.

"Unajua ulishatia saini mengine?"

"Najua."

"Hili litakugusa na wewe pia, mama. Kuna adhabu ya kutoa maelezo ya uongo."

"Liniguse."

Alieleza yote: neno la fundi, kicheko, mzaha wake mwenyewe. Alipofika kwenye maneno ya meza ya jikoni alisita sana, mkaguzi akamngojea, na alipomaliza alikuwa amelowesha kola kwa machozi. Mkaguzi aliandika mpaka ukurasa wa tatu. Hakusema pole wala hongera.

Duka lilifungwa miezi mitatu. Povu alinyang'anywa kibali cha kupima mitungi, kwa sababu ya maelezo ya kwanza. Bosi hakumpigia kelele. Alimsubiri nje ya geti siku ile barua ilipofika, akamwambia neno moja tu: "Umeniuza." Povu alitaka kumwambia kuhusu bendeji, kuhusu mito miwili, lakini mdogo wake alikuwa ameshageuka.

Mtaani watu waligawanyika, na wengi hawakuwa upande wake. "Ndugu wa tumbo moja!" walisema. "Kwa ajili ya mgeni!" Yule mwanamume wa mtungi begani alimsimamisha njiani akamweleza kwa utulivu kwamba kosa ni la mwanamke mwenyewe, maana mtu hawezi kukaa nchi ya watu bila kujua neno moja la maana. "Kujifunza lugha ni kazi ya mteja," alisema. "Ungekubali wewe kwenda kwao na kutaka wakuelewe?" Povu alitambua maneno yale. Aliwahi kuyasema mwenyewe, karibu hivyohivyo.

Duka lilipofunguliwa tena lilipewa sharti: maelekezo ya usalama yabandikwe kwa lugha zote mbili. Bosi hakuajiri mtafsiri. Mfanyakazi mmoja wa kiwandani aliyasoma, akamwambia Povu kwamba aliyeyaandika lazima awe amezaliwa kwao, maana hayakuwa na kosa hata moja. Yalieleza kila kitu, mpaka namna ya kuubeba mtungi unaotoa sauti na umbali wa kuuweka kutoka mlangoni. Wateja wa kiwandani wakarudi, kwa sababu ya ukaribu. Bosi huwasikiliza na kuwahudumia, ila hajibu hata neno moja kwa lugha yao.

Fundi na mumewe walihama kabla ya mwaka kwisha. Kwenda wapi, Povu hakuambiwa, wala hakuwa mtu wa kuambiwa. Chumba chao kilipakwa rangi mpya, akaingia kinyozi.

Povu sasa anafanya kazi kwa dobi mkubwa, upande wa pili wa mji, akikunja mashuka ya hoteli. Amepanga chumba huko huko. Mama yake humpigia simu kila Jumapili saa kumi, hakosi. Huzungumza kuhusu goti lake, kuhusu maji yaliyokatika, kuhusu bei ya vitu, kwa sauti ileile ya siku zote. Povu akimuuliza kama anaweza kuja kumwona, mama husema mdogo wake yupo nyumbani leo, labda wiki ijayo.

"Haya, mama," Povu husema. "Wiki ijayo."

Huu ni mwaka wa pili.